Roki nzito yenye midundo ya Kilatini: mnaanzia wapi

Anzeni na klave, yaani mdundo wa msingi wa muziki wa Kikuba; magita yasubiri. Hesabuni mpaka 16 polepole, mkipiga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Bendi nzima ifanye hivyo, mpiga besi kwanza. Mazoezini kwetu Kinondoni simruhusu mtu kuchomeka gita kabla klave haijamkaa mwilini.

Kisha tafuteni mpiga tumba (ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja) aliyekulia kwenye bendi za dansi. Dar wapo wengi, na rumba ya Kuba wanaijua tangu enzi za santuri za wazee wao. Msimfundishe roki, jamani! Apige anavyojua, nyie mfuateni.

Distosheni, ule mkwaruzo wa sauti ya gita, ndiyo huharibu kazi za wengi. Punguzeni geini (kitufe kinachoongeza mkwaruzo huo), kateni sauti za chini kwenye ampu ya gita, la sivyo tumba inamezwa. Rifu, kile kipande cha gita kinachorudiwarudiwa, iwe fupi: igonge pamoja na 4 na 7, halafu inyamaze tumba ijibu.

Isikilizeni bendi ya Santana kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, 1969. Michael Shrieve yuko kwenye drams, anachapa kweli, lakini anawaachia nafasi Michael Carabello kwenye tumba na José Areas kwenye timbali, ngoma fupi za chuma zinazopigwa kwa vijiti.

Mkirekodi, drams na tumba zipigwe pamoja, wapigaji wakitazamana.