Kutambua Lenzi Kongwe ya Kamera Kubwa na Kukadiria Umri Wake

Kamera kubwa za mbao, zile zenye mvukuto na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, zimeondoka katika studio za Tanga zamani, lakini lenzi zake bado hutokea kwenye masanduku ya familia. Ukiletewa moja, kwanza kabisa usiisafishe. Sisi watu wa pwani tumezoea kung'arisha masinia na mabuli ya shaba kwa ndimu na majivu, na ndivyo nilivyoifanyia lenzi ya kwanza niliyoipata Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga. Shaba iling'aa kweli, lakini vanishi ya kiwandani ilitoka pamoja na rangi nyeusi iliyokuwa imejaza herufi, na nambari iliyokwisha kulika haikusomeka tena. Siku hizi hutumia brashi laini na kitambaa kikavu tu, na bado najutia ile nambari.

Kisha nakili kila kilichochongwa, hata usichokielewa: kiwanda, mji, jina la lenzi, urefu wa fokasi, nambari. Jina lenyewe hukupa mwaka ambao lenzi haiwezi kuutangulia. Tessar, lenzi ya kiwanda cha Zeiss cha Ujerumani, ilianza mwaka 1902, kwa hiyo kila Tessar ni ya mwaka huo au baadaye. Lakini ilitengenezwa kwa miongo mingi, na jina peke yake halikwambii zaidi ya hapo. Herufi D.R.P. zinaashiria hataza ya Ujerumani, si mwaka. Kodak ya Marekani ndiyo iliyoturahisishia kazi, kwani tangu kama mwaka 1940 ilitanguliza nambari kwa herufi mbili zinazosomwa kwa neno CAMEROSITY, ambamo C ni 1, A ni 2, M ni 3, na kuendelea hivyo hadi T ambayo ni 9 na Y ambayo ni 0. Ektar, lenzi ya Kodak, yenye herufi EO, basi, ni ya mwaka 1946.

Maandishi yakiwa yamefutika, viulize vioo vyenyewe. Ingia chumba chenye giza, funga diaframu (tundu la kupitishia nuru katikati ya lenzi, linalopanuliwa na kufinywa), washa tochi ndogo juu ya lenzi, kisha uiinamishe taratibu huku ukihesabu nukta za nuru zinazorudi. Kila uso wa kioo unaopakana na hewa hurudisha nukta kali. Mahali vioo viwili vilipogandishwa kwa gundi hurudisha nukta hafifu sana, ambayo usipotulia utaikosa. Tessar huonyesha nukta nne kali mbele, na nyuma mbili kali na moja hafifu. Lenzi za aina ya Rapid Rectilinear, zilizoanza mwaka 1866, huonyesha mbili kali na moja hafifu kila upande, ilhali Dagor, lenzi nyingine ya Ujerumani, huonyesha mbili kali na mbili hafifu kila upande. Hesabu mara tatu, maana nukta hupandana. Rangi ya nukta nayo ina habari: zikiwa nyeupe zote, vioo havina utando wa kupunguza mwako, zikiwa za buluu au zambarau, huenda lenzi ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili, kwani utando huo ulienea kuanzia hapo. Usidanganywe na madoa ya uzee wa kioo, ambayo huleta rangi isiyo sawasawa, wala na nyuzi za kuvu, ambazo unyevu wa Tanga huzilea upesi.

Diaframu isome kwa makini. Ufa ubavuni mwa bomba la shaba ni wa kuingizia vibati vyenye matundu, mtindo ulioanza mwaka 1858. Ukikuta tarakimu za ukubwa wa tundu 4, 8, 16, 32, 64 na 128, huo ni mfumo wa Uingereza wa mwaka 1881, ambao 16 yake ni sawa na f/16 ya leo, lakini 4 yake ni f/8.

Shata, yaani kifaa kinachofungua na kufunga nuru kwa muda uliopimwa, ndiyo inayopotosha watu zaidi, kwa kuwa huweza kubadilishwa. Mzee mmoja aliniletea Tessar ya sentimita 15 kutoka Jena, akasema baba yake alimwambia ilikuja na Wajerumani kabla ya vita vya 1914. Ilikuwa ndani ya Compur, aina ya shata ya Ujerumani. Compur za mwanzo, za mwaka 1912, zina kisahani kidogo cha kuchagulia kasi juu ya lenzi. Hii ilikuwa na ringi inayoizunguka lenzi, mtindo ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1920. Kasi zake, kwa sehemu za sekunde, zilikuwa 1, 2, 5, 10, 25, 50, 100, mpangilio wa zamani, na haikuwa na tundu la waya wa flashi. Vioo havikuwa na utando. Nilijiuliza kama lenzi ya kale ilihamishiwa shata mpya, nikasogeza kishale cha diaframu hadi 4,5, uwazi mkubwa kabisa wa lenzi hiyo, na kuona bapa zake zikifunguka sawasawa na upana wa kioo, na kipimo kikianzia hapo hapo. Ishara kwamba viwili hivyo huenda vilipangwa pamoja tangu kiwandani.

Nilimwambia, "Mzee wangu, naiweka kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na vita vya pili." Kwenye kadi niliandika makadirio hayo na ushahidi wake, na chini yake, kwa mstari wa peke yake, maneno ya baba yake kama alivyoyasema.