Ndugu akifa kwa utata: mambo ya kufanya kabla daktari wa maiti hajafika

Mdogo wangu alikutwa amekufa chumbani kwake hapa Mombasa, povu limemkauka mdomoni. Tulishuku sumu. Mpaka leo hatujui, kwa sababu usiku uleule mhudumu wa mochari alimdunga dawa ya kuhifadhi maiti, nasi tulisimama pale tukiona ndiyo heshima. Fomalini iliyomo kwenye dawa hiyo huvuruga vipimo vya sumu na pombe. Daktari alipofika siku ya tatu aliniambia, “Dada, laiti mngemwacha kwenye friji tu.” Tangu hapo nimesimama na familia tano mlangoni mwa mochari, na neno langu la kwanza ni hilohilo: friji, dawa hapana, mpaka daktari amalize.

Msimuoshe, msimkate kucha. Kama alipambana na mtu, ngozi ya mtu huyo huenda imebaki chini ya kucha. Nguo zenye damu zikaushwe, zitiwe mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki huota ukungu na vinasaba vikaharibika. Afadhali polisi azichukue mwenyewe, maana nguo iliyopitia mikononi mwa mashangazi watatu, wakili wa upande wa pili ataikataa mahakamani.

Pigeni ripoti polisi, mchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituoni. Mpelelezi ndiye anayejaza fomu 23A ya kumwomba daktari afanye upasuaji. Hapo msione haya: ombeni mwanapatholojia, yule aliyesomea vifo vya utata, hata kama itabidi mngoje siku mbili. Mnaweza pia kuleta daktari wenu asimame kando na kuandika yake. Mkishuku mkono wa polisi, liendeeni shirika la IMLU; kusaidia familia za namna hiyo kupata daktari huru ndiyo kazi yao.

Siku ya upasuaji, watu wawili waliomjua vizuri wanamtambua marehemu mbele ya daktari. Wengi wakimaliza hukimbilia nje kulia. Bakini kwanza, mumsimulie: alikuwa na kisukari? Alitumia dawa gani? Alikula nini, alionekana saa ngapi mara ya mwisho, alikutwa amelalaje? Nilikuwa na mama mmoja aliyesema mwanawe alikutwa kifudifudi. Daktari alimgeuza, akabonyeza kidole mgongoni penye rangi ya zambarau. Haikupauka. Mtu akifa damu huteremka upande ulioelekea chini, na baada ya saa nyingi hutulia hapohapo. “Huyu alilala chali usiku kucha,” akasema, “kuna aliyemgeuza.” Bila neno la yule mama, rangi ile isingemwambia daktari chochote.

Ulizeni ni sampuli zipi zimechukuliwa: damu, mkojo, ini, figo, vya tumboni, maji ya jicho. Ulizeni nani anazipeleka kwa Mkemia wa Serikali, mwandike jina lake na tarehe. Na mkiambiwa “moyo ulisimama”, ulizeni umesimamishwa na nini. Daktari akiandika kwamba sababu inangoja majibu ya maabara, huyo msimlaumu, ni mkweli.

Kwetu Waislamu haraka ya kuzika hutubana, nami naielewa. Lakini upasuaji ni kazi ya saa chache. Mwili hushonwa, kisha anaoshwa na kukafiniwa kama kawaida. Kumfukua baadaye kunataka amri ya mahakama, na ardhi huwa imeshakula mengi. Kule msitu wa Shakahola, Kilifi, walikozikwa wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa, mwaka 2023 madaktari walipasua mamia ya miili iliyofukuliwa. Wengi walikuwa wamekufa njaa, lakini baadhi walikutwa na dalili za kunyongwa, jambo ambalo bila upasuaji lingeishia kaburini.

Ripoti ikitoka, iombeni kwa mpelelezi, mtoe nakala tatu. Moja mpeni wakili, moja abaki nayo mtu mtulivu wa familia, na ya tatu isitoke nyumbani hata akiiomba nani.