Jinsi ya kusaka pete katika mfululizo wa riwaya za upelelezi

Mfululizo ukirudi mwisho pale ulipoanzia, wasomaji wengi husema "umezunguka" na kuishia hapo. Mimi huwataka wanafunzi wangu waitafute pete yenyewe, yaani mambo ya mwanzo yanayojirudia mwishoni yakiwa yamepinduka, kwa kalamu na daftari, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni riwaya za mpelelezi Hercule Poirot, za Agatha Christie. Nitafichua siri zote, kwa hiyo kama hujasoma The Mysterious Affair at Styles (1920) na Curtain (1975), soma kwanza.

Hatua ya 1. Soma kitabu cha kwanza, kisha cha mwisho papo hapo, uruke vya katikati. Riwaya za Poirot ni 33. Ukizipitia zote kwa zamu, utafika mwisho umeshasahau vitu vidogo vya mwanzo, na pete hukaa kwenye vitu vidogo.

Hatua ya 2. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ya mwanzo, kulia ya mwisho: mahali, msimulizi, silaha, vyombo, vinywaji. Jumba la Styles, Essex, lipo pande zote mbili, kwanza makazi ya tajiri, kisha nyumba ya wageni wa kulipia. Msimulizi ni Hastings, rafiki wa Poirot, kote, kwanza kapera aliyetoka vitani na jeraha, kisha mgane mwenye binti mtu mzima.

Hatua ya 3. Futa kila jozi ambayo ungeikuta katika riwaya yoyote ya upelelezi. Sumu? Futa. Mshukiwa wa uongo? Futa.

Hatua ya 4 ndiyo kazi hasa, usiikimbilie. Kila jozi iliyobaki iulize: nini kimepinduka? Chukua kikombe. Katika kitabu cha kwanza, Mary Cavendish anatia dawa ya usingizi kwenye kakao ya Bi Inglethorp, tajiri mwenye jumba na mama wa kambo wa mumewe, ili aingie chumbani kwake kutafuta karatasi. Katika cha mwisho, anayetia dawa ni Poirot. Anamnywesha Hastings chokoleti ya moto alale, kwa sababu usiku huo rafiki yake amepania kuua. Baadaye anamwandalia Norton, mtu anayewachochea wengine waue, kinywaji hichohicho, kisha anampiga risasi.

Sasa tazama rafu ya juu ya meko. Kule Styles, Poirot asiyevumilia kitu kukaa upande anapanga mapambo ya rafu. Baadaye anakumbuka kwamba asubuhi ileile alikwisha kuyapanga. Basi kuna mtu aliyeyagusa, na barua ya muuaji inapatikana ndani ya chombo kimoja cha rafu hiyo, imechanwa vipande virefu. Katika Curtain, tundu la risasi liko katikati kabisa ya paji la uso la Norton. Kupenda ulinganifu kulikomfichua muuaji wa kwanza sasa kunamfichua Poirot mwenyewe. Nilipoiona jozi hii nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Hatua ya 5. Angalia lini kila kitabu kiliandikwa, si lini kilichapishwa. Curtain iliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wa vita, ikawekwa akiba. Maana yake riwaya kama The Hollow (1946) na Elephants Can Remember (1972) ziliingia ndani ya pete iliyokwisha kufungwa. Usizilazimishe kutazamana mbilimbili. Mfululizo ulioandikwa kwa mpango mmoja unaweza kuupanga hivyo, cha pili na cha pili kutoka mwisho, hadi ufike kitabu cha katikati. Kwa Poirot, fanyia kazi ncha mbili tu.