Mchwa ni mende: namna ya kuwaona baba na mama wakilea

Mwaka 2007 watafiti wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London walilinganisha vinasaba, wakaonyesha kuwa mchwa ni tawi la mende. Ndugu wa karibu zaidi wa mchwa aliye hai anaitwa Cryptocercus. Ni mende wa kuni anayeishi ndani ya magogo yaliyooza, baba na mama wakilea watoto wao humohumo. Yeye yuko Marekani, China na Korea. Huku Mtwara usimtafute. Lakini malezi ya namna hiyo hutokea kwa kawaida katika kundi jipya la mchwa, kabla vibarua, yaani mchwa wafanyakazi, hawajakua. Fanya hivi uyaone.

Hatua ya 1: Anza na mbao iliyoliwa

Usisubiri mvua. Tafuta fremu ya mlango au kitanda cha zamani kinachomwaga punje ndogo ngumu sakafuni. Zitazame kwa lenzi: kila punje ina pande sita. Hayo ni mavi ya mchwa wa mbao kavu. Pasua kipande cha mbao hiyo, umtoe mchwa mmoja asiye askari.

Andaa maji ya chumvi, gramu 6 kwa lita. Weka tone kwenye slaidi, mlaze mchwa juu yake, kisha ushike ncha ya mkia kwa kibano na kuvuta polepole. Utumbo utatoka wenyewe. Upasue ndani ya tone, funika, tazama kwa hadubini ya shule, ukuzaji mara 100. Fanya haraka, kwani unaowatafuta hufa wakipata hewa: ni protozoa, viumbe vidogo vya seli moja, wamesongamana, wengine wamejaa vinyweleo vinavyochezacheza.

Bila hao, kuni hazimeng'enyeki vizuri. Mtoto hazaliwi nao. Huwapata kwa kulamba majimaji yanayotoka kwenye tundu la haja la mkubwa wake, na kila anapojivua gamba huwapoteza, akahitaji kupewa tena. Mtoto wa Cryptocercus naye huanza maisha kwa kulambishwa hivyohivyo, na protozoa wake, walioelezwa na mtafiti Cleveland na wenzake mwaka 1934, wanafanana sana na wa mchwa. Kwa hiyo mtoto hawezi kuachwa peke yake, na mzazi hana budi kukaa. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, maana familia nzima imefungwa na tumbo.

Hatua ya 2: Kamata jozi ya kumbikumbi

Novemba au Desemba, mvua za kwanza zikishanyesha, kaa karibu na taa. Walioanguka kwenye beseni la maji waachie watoto wakaange. Wewe tafuta walio chini, waliokwisha kudondosha mbawa, wanaofuatana wawili wawili: jike mbele, dume nyuma, vipapasio vyake vikigusa tumbo la jike. Wachukue wote wawili kwa jani. Huna haja ya kupima jinsia. Wamekwisha kukufanyia kazi.

Hatua ya 3: Waweke

Tumia kopo la plastiki linaloonyesha ndani, udongo laini wa kichuguu sentimita 5. Ufinyange mkononi: ushikane, usitoe maji. Toboa mfuniko kidogo. Jozi moja kwa kopo, na andaa makopo kadhaa kwa sababu wengi hufa. Usiwape chakula, wataishi kwa mafuta ya mwili na misuli ya mbawa wasiyoihitaji tena. Funika kitambaa cheusi.

Hatua ya 4: Tazama

Funga karatasi nyekundu inayopitisha mwanga kwenye tochi, na usikae muda mrefu. Mayai huonekana baada ya siku chache, na huanguliwa baada ya mwezi hivi. Andika nani analamba mayai, nani anamlisha mtoto mdomo kwa mdomo. Utaona dume naye anafanya kazi. Dume la siafu au la nyuki hufa baada ya kumpanda jike. Huyu anabaki na mkewe maisha yote.

Ila usipasue tumbo la hawa kutafuta protozoa. Hawa si mchwa wa mbao kavu, ni wa vichuguu: mababu zao waliwapoteza protozoa zamani, wakageukia kulima ukungu.

Hatua ya 5: Subiri vibarua

Mwezi wa pili au wa tatu vibarua wa kwanza hukomaa. Sasa hesabu upya kwa dakika kumi kumi: nani analamba mayai, nani analisha? Kazi huhamia kwa watoto, na wazazi wenyewe huanza kulishwa. Cryptocercus hafiki hapa. Kwa kawaida hutaga mkupuo mmoja tu, akakaa na wanawe miaka mitatu au zaidi. Mtafiti Christine Nalepa alieleza kuwa, kwa mababu wa mchwa, watoto wakubwa walipoanza kulea wadogo zao, mama alipata nafasi ya kutaga tena, na walezi hao wakachelewa kukua.

Kopo haliwezi kuwatunza zaidi ya hapo. Aina nyingi huokota mbegu za ukungu wanaoulima nje, kwenye uyoga wa vichuguuni unaoota msimu wa mvua. Wamwage porini, mbali na nyumba na mbali na miche ya mikorosho.