Kupima Kutolingana kwa Impidansi katika Mfumo wa Kusambaza Video

Mfumo wa kusambaza video kwa kebo ya koaksi hutegemea impidansi (ukinzani wa kebo kwa mawimbi ya umeme yanayopita ndani yake) ya omu 75, na popote kiwango hicho kinapobadilika ghafla, sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka na picha huweza kuonyesha kivuli. Multimita haipimi impidansi ya kebo. Kazi yake hapa ni kuhakiki rezista ya mwisho wa laini, ile ya omu 75 inayomeza mawimbi yasirudi, nayo iwe imechomolewa.

Kwa video ya analojia, anza na osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, upande wa kupokea. Mawimbi ya kawaida yana volti 1 kutoka bonde hadi kilele: yakikaribia volti 2, rezista haipo, yakishuka hadi volti 0.67 hivi, zimefungwa mbili, kosa la kawaida pale kebo inapopita monita kadhaa.

Ili kujua mahali penye hitilafu, zima vifaa vyote, kisha tuma pulsi fupi (mshtuo mmoja wa umeme) na upime muda wa mwangwi wake. Zidisha muda huo kwa kasi ya mawimbi ndani ya kebo, kisha ugawe kwa mbili. Katika kebo yenye kihami cha polithini isiyo ya povu, ambamo kasi ni asilimia 66 ya ile ya mwanga, nanosekunde 100 ni karibu mita 10. Mwangwi uliopinduka, yaani uliogeuka juu chini kwenye skrini, huashiria impidansi iliyopungua, kwa mfano kipande cha kebo ya omu 50, ambacho kwenye kiungo hurudisha asilimia 20 ya volti, yaani desibeli 14 chini ya mawimbi yaliyotumwa.