Namna ya Kukipima Kiwanda Kipya cha Bia cha Mtaani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Kiwanda kidogo cha bia kinapofunguliwa mtaani, iwe ni Shangani mjini Mtwara, Mikindani au Lindi mjini, wateja wa mwanzo hukihukumu kwa yale yanayoonekana upesi: viti, taa, muziki na wingi wa magari yaliyoegeshwa nje. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuihukumu bia yenyewe, kwa kuwa bia ndiyo inayokitofautisha kiwanda cha namna hii na baa ya kawaida, na kwa kuwa maneno yanayosemwa katika miezi ya kwanza humjenga au kumharibu mtengenezaji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za bure huharibu kazi nzuri, na lawama zisizo na msingi humvunja moyo mtu aliyetia akiba yake yote kwenye matangi. Kwa hiyo anayetaka kutoa neno la haki hana budi kujua anachokitazama.

Usiende usiku wa ufunguzi. Usiku huo wahudumu ni wageni wa kazi, glasi hazitoshi, na bia huwa imeharakishwa ili iwahi tarehe iliyokwisha kutangazwa. Nenda siku ya kazi, wiki mbili au tatu baadaye, alasiri kabla watu hawajajaa, ukiwa hujala kitu chenye pilipili wala korosho za chumvi, kwa sababu chumvi na pilipili huufanya ulimi usisikie kasoro ndogo.

Ukifika, omba kuonyeshwa matangi. Mtengenezaji anayejivunia kazi yake atafurahi kukutembeza, na hapo utapata kujua jambo kubwa kuliko yote katika ukanda wetu, yaani namna anavyopambana na joto. Bia hutengenezwa kwa maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na hamira. Kimea kilichosagwa hulowekwa katika maji ya moto, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 62 na 68, ili wanga ugeuke sukari; maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na hopsi kwa dakika 60 hadi 90, kisha hupozwa haraka na kutiwa hamira. Hamira ya bia za jamii ya eli hufanya kazi vizuri katika nyuzijoto 18 hadi 22 hivi, na ile ya laga huhitaji baridi zaidi, kati ya 8 na 13, ikifuatiwa na majuma kadhaa ya kutulia karibu na sifuri. Mchana wa Mtwara hukaribia au kuvuka nyuzijoto 30, na hamira ikiachwa ichemke katika joto hilo hutoa ukali unaochoma koo pamoja na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kwa hiyo uliza bila kuona haya: umeme ukikatika, matangi yanapozwa na nini? Kiwanda kisicho na jenereta wala mpango mwingine wa kupoza kitakupa bia nzuri wiki hii na mbaya wiki ijayo, hata kama mpikaji wake ni hodari.

Tazama pia ghala. Kimea hunyonya unyevu wa hewa ya bahari, hivyo magunia yanapaswa kuwa juu ya vichaga, mbali na ukuta, na yaliyofunguliwa yafungwe vizuri. Hopsi hazilimwi kwa wingi katika nchi yetu. Hapa Afrika hulimwa kibiashara hasa maeneo ya George, Afrika Kusini, na nyingine huletwa kutoka Ujerumani na Marekani. Zao lililosafiri umbali huo likawekwa kwenye kabati la kawaida mjini Lindi huanza kunuka kama jibini kuukuu, na hakuna ustadi wa jikoni unaoweza kuirudisha harufu yake ya awali. Mahali pake ni kwenye friza.

Baada ya hapo keti uagize, na uanze na bia iliyo nyepesi na sahili kuliko zote. Watu wengi hukimbilia ile yenye jina la kuvutia, yenye tangawizi au kahawa, nami naona hilo ni kosa, kwa kuwa viungo na kimea kilichokaangwa sana huficha makosa mengi, ilhali laga nyepesi haina pa kujificha. Omba kipimo kidogo, mililita 100 au 150, kabla ya kununua glasi nzima.

Itazame glasi kabla ya kunywa. Ukiona viputo vya hewa vimeng'ang'ania ukutani kwa ndani, vimetulia pale pale bila kupanda, glasi hiyo ina mafuta au mabaki ya sabuni, na povu litatoweka kabla hujanyanyua mkono. Glasi safi hushika povu la sentimita mbili hivi, na kila unapopiga funda huacha pete nyeupe ndani ya kioo, moja chini ya nyingine hadi mwisho. Ukungu katika bia si kasoro peke yake, maana bia ya ngano huwa na ukungu kwa asili yake, na viwanda vidogo vingi havichuji bia zao. Bia ikiwa baridi kama barafu, ishike kwa viganja dakika chache, kwa sababu baridi kali hufunga harufu.

Harufu ndiyo yenye ushahidi mwingi, nayo inafaa kuchukuliwa kwa subira. Harufu ya siagi, pamoja na utelezi ulimini, humaanisha kwamba bia imetolewa kwenye hamira kabla hamira haijamaliza kazi yake, au kwamba mabomba yana vijidudu. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutokana mara nyingi na kuchemsha kwa muda mfupi, kufunika sufuria wakati wa kuchemsha au kuchelewa kupoza. Harufu ya tufaha bichi ni dalili ya bia changa iliyokatishwa safari, na hii ndiyo kasoro inayotarajiwa zaidi katika kiwanda kipya chenye wateja wengi na matangi machache. Harufu ya boksi lililolowa maji huonyesha kwamba bia imeingiwa na hewa au imezeeka. Harufu ya plasta au dawa ya hospitali hutokana aghalabu na klorini, ama ya maji yenyewe, ama ya dawa ya kusafishia vyombo isiyosuuzwa vizuri. Uchachu wa siki katika bia isiyokusudiwa kuwa chachu ni suala la usafi, hasa wa mipira inayoleta bia kwenye bomba. Mipira hiyo husafishwa angalau kila siku 14, na ni haki yako kuuliza ilisafishwa lini.

Wakazi wa huku wana uzoefu mzuri wa kusikia mambo haya. Anayelijua tembo la mnazi anajua kwamba la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na la kesho yake linaelekea kuwa siki. Anayeujua uraka wa mabibo anautambua ulioanza kuharibika kwa kunusa tu. Ulimi huo huo utumike kwa bia, kwa kuwa bia ya kiwanda kidogo kwa kawaida haipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu kama zile za chupa za viwanda vikubwa, na kwa sababu hiyo hubadilika isipotunzwa kwenye baridi kutoka tangini hadi mezani.

Maji yastahili swali lake peke yake. Bia ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi. Mtengenezaji makini atakwambia anatumia maji gani, anayachuja vipi na anaondoaje klorini. Akibabaika katika hilo, mengine yote yatakuwa ya kubahatisha.

Ukiridhika na bia sahili, ndipo uende kwenye zile za ladha za nyumbani. Bia ya ukwaju, ya ubuyu au ya mabibo inaweza kuwa fahari ya mkoa, nami natamani sana tuione ikifanywa vizuri. Kwa ya mabibo, sikiliza ukakasi: kidogo huburudisha, mwingi hukausha mdomo na kufunika kimea. Tena uliza majimaji ya mabibo yametoka wapi, maana tunda hilo huharibika ndani ya siku moja au mbili baada ya kuanguka, hivyo bia ya mabibo inayouzwa mwezi Juni lazima iwe imetokana na majimaji yaliyogandishwa au kuchemshwa msimu ulipokuwapo.

Kabla ya kuondoka, zunguka nyuma ya jengo. Machicha ya kimea yakikaa kwenye jua la huku kwa siku mbili hunuka na kuleta nzi, ilhali mfugaji wa ng'ombe au nguruwe angeyachukua asubuhi hiyo hiyo. Angalia maji machafu yanaelekea wapi, na kama majirani, ambao wengi wao katika miji yetu ni Waislamu wasiokunywa, wanapata utulivu wao nyakati za sala. Kuhusu nyaraka, leseni iwe ukutani, bia ya chupa iwe na alama ya TBS na stempu ya kodi ya TRA, na asihudumiwe mtu aliye chini ya miaka 18. Bei itakuwa juu ya ile ya bia za kawaida, na ni sawa, mradi kiwango cha kilevi kimeandikwa na kipimo cha glasi hakipunguzwi.

Ukikuta kasoro, mwite mhusika pembeni umweleze ulichonusa na katika bia gani, kabla ya kuwaambia wengine. Kasoro nyingi za mwanzo hurekebishika katika mpiko unaofuata. Kisha panga kurudi mara mbili. Mara ya kwanza iwe baada ya mwezi, uagize bia ile ile ya mwanzo, uone kama imebaki na ladha yake. Mara ya pili iwe Machi au Aprili. Wakati fedha za korosho ziko mikononi mwa watu, kegi (pipa la bia) moja huisha jioni moja na bia haipati nafasi ya kuzeeka; msimu ukipita na mvua zikiwa bado zinanyesha, kegi hukaa majuma mengi, na hapo utaona kama mwenye kiwanda yuko tayari kumwaga bia iliyochoka badala ya kukuuzia.