Kuendesha baiskeli Dar es Salaam bila kugongwa wala kugonga

Anayeanza kuendesha baiskeli jijini huogopa zaidi gari linalotoka nyuma, kwa hiyo hubana ukingoni kabisa mwa lami. Huko ndiko kwenye mchanga, vipande vya chupa, lami iliyomeguka na mitaro isiyo na mifuniko. Akikwepa shimo moja anachomoka ghafla mbele ya daladala, na dereva hakutegemea. Pita kati ya nusu mita na mita moja kutoka ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Hapo dereva anakuona mapema, na wewe unabaki na nafasi ya kukwepa kwa upande wa kushoto. Barabara ikiwa nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kukupita bila kukugusa, sogea katikati ya njia yako, na inapopanuka rudi kushoto uwapishe walio nyuma. Kuwang'ang'ania mbele wakati nafasi ipo ni kutafuta hasira, yako na yao.

Kwenye magari yaliyoegeshwa, mfano mitaa ya Kariakoo, acha zaidi ya mita moja, maana mlango ukifunguka unafika huko. Tazama dalili: taa za breki zimezimika sasa hivi, kichwa cha mtu kinaonekana kwenye kiti, tairi za mbele zimegeuzwa kuelekea barabarani. Bajaji haina hata mlango wa kukutahadharisha. Abiria anaruka tu.

Daladala ina tabia yake, na ukiijua utaepuka mengi. Ikikupita huku kituo kipo mbele, au ukisikia konda anagonga bodi, ndani ya sekunde chache itakukatia kushoto. Usishindane nayo. Punguza mwendo, iache iingie. Ikishasimama usipite kati yake na kituo, kwa sababu hapo ndipo abiria wanaposhuka, wengine na mtoto mgongoni, na ukimgonga kosa ni lako. Kama unataka kuipita kulia, geuza kichwa uangalie nyuma juu ya bega la kulia, nyoosha mkono wa kulia, subiri hadi uone anayekuja nyuma amepunguza, ndipo utoke. Bodaboda nyingi hupita hapo hapo unapotaka kutokea, kwa hiyo angalia mara ya pili. Ukiona nafasi haipo, simama nyuma ya daladala mpaka iondoke.

Moja ya hatari kubwa zaidi ni lori linalokata kushoto. Dereva amekaa kulia, juu, na eneo lililo karibu na pembe ya mbele kushoto halioni vizuri. Semitrela inapokata kona, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele. Zinapita ndani zaidi, karibu na ukingo, pale pale baiskeli iliposimama. Ndiyo maana kwenye mataa usijipenyeze kushoto kwa lori hata kama limesimama na nafasi inaonekana nzuri. Kaa nyuma yake. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni.

Kukata kulia kwenye makutano makubwa, njia salama ni ya awamu mbili: nenda moja kwa moja upande wako wa kushoto hadi ng'ambo, simama, geuza baiskeli, subiri taa za upande huo ziruhusu. Kwenye kipita shoto chenye njia mbili au zaidi, kama hujazoea, shuka usukume kupitia kivuko cha waenda kwa miguu. Kuvuka pundamilia ukiwa umepanda kunamchanganya dereva, kwani mwendo wako si wa mtembea kwa miguu.

Barabara ya Morogoro ina njia za baiskeli pembeni ya mradi wa mwendokasi, lakini utakuta bodaboda zimeegeshwa humo na meza za biashara, na watu wanatembea. Humo piga kengele mapema, punguza mwendo, na kila inapokatwa na mtaa wa pembeni chukulia kwamba gari linalokata kushoto halijakuona. Ndani ya njia ya mabasi ya mwendokasi usiingie kamwe. Mabasi marefu yana mita 18, yanakimbia, na nafasi ya kumpisha mtu hayana. Na usiendeshe kinyume cha magari upande wowote ule. Anayetoka mtaa wa pembeni huangalia kule magari yanakotoka. Wewe unamtokea kisogoni.

Kuhusu breki, hesabu ni hii. Kwa kilomita 20 kwa saa unasafiri takribani mita tano na nusu kila sekunde. Sekunde moja inapotea kabla vidole havijabana, kisha baiskeli inahitaji mita nne hadi tano kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni mita 10. Kwa kilomita 30 inakaribia mita 18. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi: bana zote mbili, ongeza ya mbele taratibu huku ukisogeza makalio nyuma. Ukiibana ghafla peke yake unaweza kurushwa juu ya usukani. Wakati wa masika mpira wa breki hauishiki rimu iliyolowa mpaka maji yafutike, hivyo bana kidogo mapema kuikausha. Maji yakifunika barabara usipite usipopajua, maana mfuniko wa mtaro huenda haupo.

Kabla ya kutoka, bana mikono ya breki: ikisimama huku vidole viwili bado vinapita kati yake na usukani, sawa. Angalia mpira wa breki unagusa rimu tu. Mpira ukigusa tairi utaikata. Kagua waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwa sababu hewa ya chumvi huanza kuula hapo, na nyuzi mbili tatu zikikatika badilisha wote. Upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Nyingi za inchi 26 huwa kati ya PSI 40 na 65. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uruhusu kidole kimoja chini ya kidevu.

Giza la Dar huingia haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo washa taa kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Hedifoni toa masikioni.

Mzigo unahitaji uangalifu zaidi ya watu wanavyodhani. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Likining'inia upande mmoja usukani unavuta muda wote. Funga mawili, kila upande moja, chini kadiri inavyowezekana. Ncha ya mpira wa kufungia ikunje na kuifinya ndani, isining'inie. Ikiingia kwenye spoku au cheni, gurudumu la nyuma linakwama ukiwa mwendoni.

Ukigonga mtu, simama, umsaidie, usikimbie. Ukigongwa, toka barabarani, piga 112, chukua namba ya gari na majina ya walioona. Majeraha makubwa yaende hospitali kwanza, ndugu afuatilie PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituo cha polisi. Helmeti iliyopiga chini usiivae tena, hata kama nyufa hazionekani. Kabla ya kupanda baiskeli hiyo, mpe fundi aangalie foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele: rangi iliyojikunja au kupasuka karibu na maungio ni alama kwamba chuma kimepinda, na foku ya namna hiyo hainyooshwi, inabadilishwa.